Uwanja Juu ya Njia ya Maji

Same, Jumamosi alasiri

Mwanangu Namsifu,

Sikuulizi hali, maana tunakaa nyumba moja na tangu asubuhi nimekusikia ukifunga begi na kulifungua mara nne. Sasa umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, mama yako yuko sokoni, na nyumba imetulia. Kesho utapanda basi mpaka Mwanga, na kutoka hapo utapanda mlima kwenda Shighatini. Si mbali. Ukiamka mapema unaweza kuja kula chakula cha mchana hapa na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini utakuwa na chumba chako, ufunguo wako na kazi yako, na huko ndiko kuondoka nyumbani.

Mama yako ameshakwambia habari za sweta, za kuchemsha maji ya kunywa, na za bodaboda wa milimani wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimeona niliandike kwa sababu nikilisema nitalipunguza. Nimefanya kazi ya habari miaka mingi, najua namna ninavyopunguza.

Shirika lilipokutumia ile taarifa ya mradi uisome kabla ya kuripoti kazini, uliniomba niipitie, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa maneno hapa nyumbani. Niliisoma yote. Viwanja katika shule tatu za msingi za Ugweno. Shirika linatoa saruji, nyavu, magoli na fundi sanifu ambaye ni wewe. Wazazi wanatoa mawe, mchanga na nguvu zao. Serikali ya kijiji inatoa ardhi. Siku ya uzinduzi wa uwanja wa kwanza imeshapangwa na mgeni rasmi ameshaalikwa. Kisha, ukurasa wa mwisho, chini ya neno Changamoto, pana sentensi hii: “Mkazi mmoja anayeishi juu ya shule hajatoa ushirikiano, kamati inaendelea kumwelimisha.”

Nilikurudishia karatasi nikasema Kiswahili chake ni kizuri. Ni kizuri. Sikukwambia kwamba sentensi ile niliwahi kuiandika mimi.

Ulikuwa darasa la tatu. Shule ya kijijini kwa bibi yako unaikumbuka ikiwa na uwanja, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa kabla. Watoto walichezea kwenye ua wa mbele ya ofisi, na ua ule umeinama. Timu iliyopewa upande wa juu ndiyo iliyoshinda. Mpira ukitoka ulishuka mashambani mpaka kwenye kijito, na sheria ilikuwa kwamba aliyeupiga ndiye anayeufuata. Siku moja nilikaa na saa mkononi. Katika kipindi cha michezo cha dakika arobaini, watoto walicheza dakika kumi na moja. Zilizobaki walisimama wakimsubiri mwenzao apande na mpira. Wasichana hawakuwa na hata hiyo kumi na moja. Wao walihesabiwa kuwa watazamaji.

Niliandika makala kuhusu mpira ule unaoshuka. Ilikuwa makala nzuri, na bado nasema hivyo. Shirika moja likaisoma, likamtafuta Mwalimu Eliakimu, mwalimu mkuu wa wakati huo, na mambo yakaanza. Kijiji kikaunda kamati, na wakaniomba niingie niwe mtu wa habari na uhamasishaji. Nikakubali. Mwandishi hakai kwenye kamati ya jambo analoliandikia. Nililijua hilo vizuri, nilikuwa nikiwafundisha vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu. Lakini uwanja ulikuwa umeanzia kwenye kalamu yangu, kijijini kwa mama yangu mzazi, nikajiona nina hisa ndani yake.

Palihitajika ardhi tambarare, na kijiji kizima kina sehemu moja tu iliyo tambarare: lile bonde lililokuwa na nyasi, chini ya ndiva. Wewe ndiva unazijua, lakini sina hakika kama uliwahi kuambiwa zinavyofanya kazi. Wazee walichimba bwawa lile na kulizungushia mawe na udongo ili maji ya chemchemi yajikusanye humo usiku, na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Kuna mtu anayeshika zamu hizo. Huyo ndiye anayefungua na kufunga, anayejua nani alipata jana na nani hajapata wiki nzima. Wakati ule alikuwa Mzee Sefania, kama baba yake kabla yake.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la saba, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Eneo likatajwa, watu wakaitikia. Mzee Sefania akasimama. Hakuwa msemaji. Alisema, “Pale ni pa maji. Mimi siwezi kuyafungia njia.”

Mtu mmoja nyuma akajibu, “Mzee wetu, siku hizi tuna Yesu.”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ili uelewe kicheko kile lazima ujue kwamba baba yake Sefania ndiye aliyekuwa akichinja kwenye ndiva kabla ya mvua, na kwamba wajukuu wa watu waliokula nyama ile ndio wazee wa kanisa wa leo. Hawapendi kukumbushwa. Aliposema maji, sote tulisikia tambiko. Mtu wa kuja, mtu wa Dar es Salaam asiyejua lolote, angeuliza, “Maji gani, mzee, na yanapita wapi?” Sisi hatukuuliza kwa sababu tulidhani tunajua. Daftari la siku ile ninalo bado. Nimeandika: Sefania, pale ni pa maji. Mstari unaofuata ni vipimo vya magoli.

Kazi ikaanza kwa msaragambo, kila Alhamisi. Pembe ilipulizwa, kila nyumba ikatoa mtu, na sikudanganyi, ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama. Wanaume kwenye sururu na mabeleshi, akina mama wakipandisha mchanga kutoka kijitoni kwa ndoo, watoto wakipitisha mawe mkono kwa mkono kama wanavyopitisha vitabu. Bibi yako alikuja kila Alhamisi na sufuria la makande. Nimeona miradi mingi ambapo wananchi huandikwa tu kwenye taarifa kwamba walishiriki. Pale walishiriki.

Nyumba ya Sefania haikutoa mtu. Alhamisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Desturi ya msaragambo unaijua: asiyekuja mara tatu hufuatwa kwake. Vijana wakaenda wakarudi na beberu wake mweusi, akachinjwa pale pale kwenye udongo uliochimbwa, na wafanyakazi wakala. Mimi pia nilikula.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Siku ile nilimfuata nyumbani kwake. Huwa nawaambia watu kwamba nilimpa nafasi ya kujieleza, na ni kweli, nilimpa. Nilimwuliza, “Mzee, kwa nini huji msaragambo?” Akasema, “Nilishasema mkutanoni.” Nikamwuliza kama anawatakia watoto mema. Akanitazama, akaendelea na kazi yake. Nilikuwa na makala ya kutuma jioni, nikaondoka.

Swali langu lilimhusu yeye. Sikuuliza habari za ardhi. Nilikuwa nimeshaamua kwamba habari ni ukaidi wa mzee, nikaenda kwake kuchukua mfano wa ukaidi, nikaupata. Nikaandika kwamba kijiji kizima kinashambulia goli moja, na kipa ni mzee mmoja aliyeshikilia imani za kale. Nikaandika kwamba kamati inaendelea kumwelimisha. Mhariri akaipenda ile sentensi ya kipa, akaifanya kichwa cha habari. Asubuhi yake ikasomwa redioni kwenye mapitio ya magazeti.

Ndiyo, Namsifu. Jina la Kipa lilitoka kwangu.

Najua unakumbuka likizo ile. Ulikuwa ukicheza netiboli kwenye uwanja mpya, Mzee Sefania akapita na jembe lake begani, na wewe na wenzako mkamfuata mkiimba, “Kipa, daka, Kipa, daka.” Bibi yako akatoka akakupiga kofi mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kukugusa. Ulikuja kwangu unalia ukauliza umekosa nini. Nikakwambia bibi yako ana hasira za uzee. Nimesema uongo mara chache maishani, kazi yangu hainiruhusu mwingi, na ule ndio ninaoukumbuka mara nyingi zaidi. Mama yangu alinitazama kutoka jikoni. Yeye alikuwa kwenye ule mkutano, na alikuwa na umri wa kutosha kujua maji yalipita wapi zamani.

Vuli ya mwaka ule ilipita bila jambo. Nilipita pale na pikipiki yangu baada ya mvua, uwanja umesimama, nyasi zimeanza kushika, nikajisikia vizuri kuliko ilivyostahili.

Masika ndiyo iliyokuja na majibu. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Nilipopigiwa simu nilipanda, barabara ikanishinda katikati, nikaacha pikipiki nikatembea. Nilifika saa sita mchana.

Nitakueleza nilichokiona. Nusu ya uwanja haikuwepo. Ukuta wa mawe wa upande wa chini ulikuwa umefunguka, na goli moja lilikuwa limelala shambani kwa jirani na nyavu zake. Madarasa yalikuwa salama. Ndiva ilikuwa tupu, na ukingo wake mmoja umekatwa, umekatwa kwa jembe, nikaona alama za jembe kwenye udongo. Chini ya ule mkato palikuwa na shamba la tangawizi la Mzee Sefania. Nasema palikuwa. Palibaki mawe na tope, na yeye amekaa kwenye jiwe moja, matope mpaka magotini, mke wake akimfunga kitambaa mkononi.

Mwalimu Eliakimu ndiye aliyenieleza. Lile bonde chini ya ndiva lilikuwa njia ya kumwagia maji. Masika ya kawaida haitumiki. Lakini mara moja katika miaka mingi ndiva hufurika, na wazee walikuwa wameacha njia pana yenye nyasi ili maji ya ziada yashuke polepole mpaka kijitoni. Ndiyo maana palikuwa tambarare: maji yalikuwa yakitandaza udongo pale tangu enzi za babu wa babu zetu. Milimani hakuna sehemu iliyo tambarare bila sababu, na sisi tuliozaliwa huko ndio tulipaswa kujua. Tuliifukia, tukaijengea ukuta, tukaipaka chokaa.

Alfajiri, maji yalipoanza kupita juu na kubeba uwanja, Sefania alikwenda kugonga milango akiomba watu na majembe. Watu hawakutoka. Mmoja alijibu akiwa kitandani kwamba Kipa anaota. Kama ndiva ingepasuka yenyewe, ingepasukia upande wa shule. Basi yeye na mke wake wakakata ukingo wa upande wa pili, upande wa shamba lao. Tangawizi ilikuwa imebakiza wiki chache kuvunwa.

Nilimsogelea nikasema shikamoo. Akaitika marahaba.

Nilikuwa natoa daftari Mwalimu Eliakimu aliponishika bega akanivuta kando. Huyu hakuwa mtu mbaya, nataka ujue. Alikuwa amelala shuleni siku tano akilinda paa. Aliniambia, “Najua unachotaka kuandika. Ukiandika hivyo, shirika litaondoka. Kuna shule tatu ziko kwenye foleni, na moja haina hata ua kama tuliokuwa nao. Watoto wale wamekosa nini?”

Nikashuka mlima nikaandika: Mvua kubwa yaharibu uwanja wa shule. Kila neno lilikuwa kweli. Mvua ilinyesha. Ilikuwa kubwa. Uwanja uliharibika. Sefania hakutajwa.

Shirika halikuondoka. Walituma saruji nyingine, uwanja ukajengwa tena kwa ukubwa wa nusu, pembeni, na mfereji mzuri wa zege katikati ya uwanja na ndiva. Ndio uwanja uliouona utu uzimani. Shule zile tatu zilipata viwanja vyao. Siku moja nilikaa kwenye kimojawapo nikatazama wasichana wakikimbia mbio za kupokezana, nikajiambia Mwalimu alikuwa sahihi, nilichagua watoto. Nilijiambia hivyo miaka mingi. Nilipokuwa nasoma taarifa yako ndipo niliona kwamba mambo yalikuwa mawili na nilikuwa nimeyafunga kamba moja. Ningeweza kuandika ukweli na kuwatetea watoto katika makala hiyo hiyo. Ingekuwa makala ngumu, lakini magumu ndiyo kazi yangu. Kilichonizuia ni kwamba makala hiyo ingekuwa na mimi ndani yake.

Ndiva ilikaa miaka miwili bila kutengenezwa. Mashamba ya chini yakalimwa kwa kutegemea mvua peke yake. Mtoto wa kwanza wa Sefania alishuka Makanya kuchimba jasi na hajarudi kulima mpaka leo. Siwezi kuandika kwamba uwanja ndio uliompeleka huko, mtu huhama kwa sababu nyingi. Naweza kuandika kwamba kabla ya ndiva kukatwa alikuwa mkulima, na baada yake akawa mchimbaji.

Sitaki uende na picha kwamba kazi hii haiwezekani. Huko huko tambarare, karibu na barabara kuu, kuna shule ambayo uwanja wake una kona moja iliyokatwa. Wafanyabiashara wa pale, waumini wa msikiti ulio jirani, walikuwa wametoa mawe na lori, kila kitu kiko tayari, ndipo mama mmoja wa Kimaasai akaja akasimama kwenye mstari wa kamba na ng’ombe zake, akasema hapo ndipo wanapopita kwenda kunywa. Fundi aliyekuwepo, kijana mpole mwenye kigugumizi, hakubishana. Aliweka kamba chini, akamfuata na ng’ombe zake mpaka kwenye maji na kurudi. Ilimchukua mchana mzima. Kesho yake akahamisha kona. Mgeni rasmi alipouliza kwa nini uwanja umepinda, yule fundi akasema, “Ni wa hapa, mheshimiwa.” Watoto wamezoea, wanajua kona ile hupigwa kwa mguu wa kushoto. Sikuiandika habari ile. Niliona haina tukio.

Jumatatu iliyopita nilipokwambia nakwenda kijijini kumwona fundi wa paa la bibi, nilikwenda kwa Mzee Sefania. Nilibeba beberu kwenye bodaboda, miguu yake imefungwa, kichwa chake kwapani kwangu, na njia nzima kijana wa bodaboda alikuwa ananiuliza kama tunakwenda kuposa.

Mzee amekonda sana. Alikuwa anapukuchua maharage pamoja na mke wake. Nikamwamkia, akaitika, akamtazama yule mbuzi kwa muda.

“Yule alikuwa mweusi,” akasema.

Nikasema najua, sikupata mweusi. Nikamweleza nilichokuja nacho, chote, kama nilivyokuandikia wewe, na sikupunguza. Mke wake aliacha maharage. Yeye hakuacha.

Nilipomaliza akasema, “Mbuzi nilishamsahau. Lakini watoto wa watoto wangu wanaitwa wajukuu wa Kipa. Mmoja amekataa kwenda shule ile, anatembea mpaka ya kijiji cha pili. Hao utawaletea nini?”

Nikamwambia nitaandika. Gazetini, kwa jina langu, na nitaomba isomwe redioni saa ile ile iliposomwa ya kwanza. Nitaandika kwamba alisema mbele ya mkutano na mimi nilikuwepo, na kwamba aliyeokoa madarasa ni yeye na mke wake, kwa shamba lao.

Akauliza ni nani kati ya watoto wangu anayekwenda kujenga viwanja. Nikamtaja wewe. Akatabasamu kidogo. “Yule wa daka, daka?” Nikasema ndiye. Akafikiri, kisha akasema, “Basi mwambie yeye kwanza. Asije akasikia kwa watu.”

Ndiyo sababu ya barua hii. Makala inatoka Alhamisi. Mhariri wa sasa ameisoma na hajabadilisha kitu.

Unaanza kazi Jumatatu. Shirika lako ni lile lile la wakati ule, na uwanja wa kijijini kwa bibi yako ndio ambao huuonyesha kwa wafadhili kama mfano. Picha yake, ile niliyoipiga mimi, iko kwenye jalada la taarifa uliyonipa. Alhamisi wakubwa wako watasoma kwamba mfano wao ulijengwa juu ya njia ya maji, na anayesema hivyo ni baba wa fundi wao mpya. Wanaweza kulichukua vizuri. Wanaweza wasilichukue vizuri, na wewe utakuwa na siku nne tu kazini. Mama yako ameniomba nisubiri mpaka umalize miezi ya majaribio. Aliniomba vizuri, na hoja yake ni nzito: kosa ni langu, kwa nini ulilipie wewe? Nimemwambia mambo mawili. Mzee Sefania hawezi kusubiri kama wewe unavyoweza. Na siku ya uzinduzi wa Shighatini imeshapangwa.

Ikiwa itakugharimu kazi, sitakwambia kwamba ilikuwa lazima. Nitajua kwamba niliamua hivyo nikiwa nimefumbua macho, na utakuwa na haki ya kunikasirikia kwa muda wowote utakaotaka. Nyumba hii haina masharti.

Sikwambii kwamba yule mkazi wa Shighatini yuko sahihi. Simjui. Huenda ana sababu kama ya Sefania. Huenda ana ugomvi wa mpaka na mwenyekiti. Huenda ni mkaidi tu, na wakaidi wapo, nimewahoji wengi. Wewe umesomea kupima ardhi kuliko sote tuliokaa kwenye yale madawati, na utakuwa na vifaa ambavyo sisi hatukuwa navyo. Lakini utafika pale ukiwa na tarehe iliyopangwa, mgeni aliyealikwa, wazazi waliokwisha kubeba mawe, na watoto wanaokuuliza kila asubuhi magoli yanakuja lini. Watoto ndio watakuwa wagumu kuliko wote. Mimi sikushindwa na watu wabaya, Namsifu. Nilishindwa na watu wazuri waliokuwa na haraka, na nilikuwa mmoja wao.

Jumatatu watakupeleka kukuonyesha eneo, mwenyekiti na wajumbe wote, na mtapiga picha. Waache wapige. Jumanne panda peke yako juu ya shule mpaka kwa yule mtu. Usiende na taarifa mkononi na usimwulize kwa nini hatoi ushirikiano. Mwamkie, kaa anapokuonyesha, na ikiwa ana kazi mkononi msaidie. Halafu mwombe atembee nawe mpaka chini akuonyeshe anachokijua kuhusu ile ardhi, hata kama itachukua mchana mzima, hata kama mwisho wake utakuta hajui kitu. Na kabla ya yote hayo mwulize jina lake, uliandike kwenye ile taarifa, badala ya mkazi mmoja.

Ni mimi,
baba yako